Mabenchi ya Kanisa na Msitu wa Ituri



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaosoma tafakari hii ya kila juma, Dominika iliyopita baada ya Misa ya pili kamati yetu ya ujenzi iliniletea habari ambayo kwa mtazamo wa kwanza ilikuwa njema. Kama mjuavyo, paa la kanisa jipya limekamilika, sakafu imekauka, na kilichobaki ni mabenchi. Mfanyabiashara mmoja wa mbao amekubali kutuuzia mahogani, nzito, nyekundu, isiyoogopa mchwa, kwa bei inayozidi kidogo tu ile ya saiprasi. Wanakamati walikuwa wamekuja na kipande cha mfano. Nilikishika, nikakinusa, nikakipapasa kwa kiganja. Kilikuwa kizuri kweli kweli. Nikauliza, "Mbao hizi zinatoka wapi?" Nikajibiwa, "Kongo, Baba." Nikauliza tena, "Kongo ipi, kijiji gani, nani aliyeukata mti?" Pakawa kimya. Mwishowe mmoja akasema, "Muuzaji anasema ni za Ituri, zinapitia Uganda."

Mzee mmoja, ambaye hekima yake naiheshimu sana, akavunja ukimya huo kwa kuniambia, "Baba Paroko, hata hekalu la Solomoni lilijengwa kwa mierezi ya Lebanoni. Tukianza kuuliza kila ubao ulizaliwa wapi, waamini watakaa chini hadi Krismasi." Tulicheka sote, nami nikacheka. Lakini niliomba nipewe majuma mawili kabla ya malipo yoyote kufanyika. Leo ningependa kuwaeleza kwa nini niliomba, na maoni yangu ni yapi, ili Baraza la Parokia litakapoketi lisiseme kwamba padre alificha jambo moyoni.

Tuanze na msitu wenyewe, kwa maana hatuwezi kusema haki juu ya kitu tusichokijua. Bonde la Kongo lina msitu wa mvua ambao kwa ukubwa duniani unatanguliwa na ule wa Amazonia peke yake. Umeenea katika nchi sita: Kameruni, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kongo-Brazzaville, Gaboni, Guinea ya Ikweta na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba sehemu kubwa kuliko zote. Ituri ni upande wake wa kaskazini-mashariki, nao uko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Malori ya mbao tunayopishana nayo Malaba na Busia hayakutoka mwisho wa dunia. Yametoka kwa majirani wa majirani zetu.

Sehemu kubwa ya msitu wa Ituri imetawaliwa na mti mmoja ambao wenyeji huuita mbau. Chini ya mbau mwanga wa saa sita mchana hufanana na ule wa alfajiri. Humo huishi tembo wa msituni, ambaye hula matunda na kuzitawanya mbegu zake mbali, hata ikasemwa kwa haki kwamba yeye ni mkulima wa msitu. Humo pia huishi okapi, mnyama wa ukoo wa twiga mwenye miguu yenye milia kama ya punda milia. Wanasayansi wa Ulaya walimpa okapi jina la kitaalamu mwaka 1901 na habari zikaenea kwamba mnyama mpya amegunduliwa. Lakini watu wa Ituri walikuwa wakimjua tangu enzi za babu zao, wakijua nyayo zake na majani ayapendayo. Naomba mkumbuke kisa hiki kidogo, kwa maana ndani yake mna ugonjwa mzima ninaotaka kuuzungumzia: kitu ambacho mgeni hajakiona huhesabiwa kuwa hakina mwenyewe.

Wenyewe wapo. Kwanza kuna Wambuti, pamoja na ndugu zao Waefe, ambao sisi tumezoea kuwaita mbilikimo, jina ambalo ningeomba tuliache kwa kuwa limekwisha kujaa dharau. Wambuti huwinda kwa nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za mmea wa msituni. Wanaume huzisimamisha nyavu zao zikiungana katika nusu duara, kisha wanawake na watoto huingia vichakani wakipiga kelele kuwafukuza wanyama waelekee huko. Hakuna mtu mmoja awezaye kuwinda hivyo peke yake, na kwa sababu hiyo hakuna awezaye kula peke yake. Waefe hutumia zaidi pinde na mishale. Msimu wa asali ukifika, familia huhama kuifuata mizinga iliyo juu kabisa ya miti, na mpandaji hukwea na moshi wake huku wenzake wakimngojea chini kwa nyimbo. Wanaume hutwanga magome ya miti hadi yawe vitambaa laini, na wanawake huvichora vitambaa hivyo kwa rangi za mimea, michoro ambayo leo imetundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Pili kuna wanavijiji wakulima, Wabila, Walese, Wabudu na wengineo, ambao kwa vizazi vingi wamebadilishana mali na Wambuti: huku ndizi, mihogo na vyuma, kule nyama, asali na uyoga. Miongoni mwa Wabila, wavulana wa kijiji na wavulana wa Kimbuti walitahiriwa pamoja katika jando liitwalo nkumbi, na waliotahiriwa pamoja walihesabiana kuwa ndugu maisha yao yote. Sisemi kwamba uhusiano huo umekuwa wa haki siku zote. La hasha! Mara nyingi mwanakijiji amemwona Mmbuti kuwa kama mali ya ukoo wake, na hadi leo Wambuti wengi hawana shule wala zahanati karibu, tena hawana sauti katika baraza linalogawa ardhi waliyozaliwa juu yake. Msitu si bustani ya Edeni. Ni nchi ya watu, na watu wana dhambi zao.

Padre mmoja wa Shirika la Neno la Mungu, Paul Schebesta, aliingia Ituri mwaka 1929 na kurudi huko mara kadhaa ili kujifunza maisha ya Wambuti, hasa namna wanavyomfahamu Mungu. Miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza Colin Turnbull alikaa nao Epulu, na mwaka 1961 akachapisha kitabu kilichosomwa duniani kote. Turnbull alieleza kwamba Wambuti huuita msitu baba na mama. Likiwapata jambo baya, kifo au uwindaji usio na mafanikio, husema kwamba huenda msitu umelala, nao hukesha usiku baada ya usiku wakiuimbia ili uamke, kwa kuwa mzazi aliye macho hawezi kuwaacha wanawe waangamie. Wapendwa, mimi ni padre na ninajua tofauti kati ya Muumba na kiumbe chake. Hata hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha kuzitafuta mbegu za Neno zilizofichika katika mapokeo ya mataifa. Mtu anayeamini kwamba anapokula anakula mkononi mwa mzazi, naye hathubutu kuchukua kuliko anachohitaji, yuko mbali kiasi gani na sala yetu ya kuomba mkate wa kila siku?

Hivyo basi, msitu huo una wenyewe. Kosa kubwa la watu wa nje, karne baada ya karne, limekuwa ni kuuona kama ghala lisilo na mlango wala mlinzi. Na kabla hatujawanyoshea kidole Wazungu, tukumbuke kwamba nasi wa upande huu wa mashariki tulikuwa miongoni mwa watu hao wa nje. Je, mmewahi kujiuliza kwa nini mkimbizi wa Ituri au Kisangani akifika parokiani kwetu huweza kusali nasi Rozari kwa Kiswahili siku ile ile? Lugha hii tamu ilifika mashariki ya Kongo ikifuata misafara ya karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Unguja, alijijengea himaya huko, na mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Biashara ya pwani na tamaa ya Ulaya zilipeana mikono juu ya migongo ya watu wa msituni. Sisemi hayo ili tuone haya kwa kusema Kiswahili. Nasema ili tukumbuke kwamba kila neno tunaloelewana na ndugu zetu wa Ituri lina deni ndani yake.

Leopold aliitawala nchi hiyo kama mali yake binafsi tangu mwaka 1885 hadi 1908. Alichokitaka msituni, baada ya pembe, kilikuwa ni mpira uliogemwa katika mimea itambaayo juu ya miti. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha kuleta. Walioshindwa walichapwa viboko, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa moto, na watu wakakatwa mikono. Habari hizo zilifikaje masikioni mwa dunia? Wamisionari wengine walizisema. Lakini mmoja wa waliozipambanua mapema hakuwa ameikanyaga Kongo kamwe. Alikuwa ni Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, ambaye kazi yake ilimpeleka mara kwa mara bandarini Antwerp. Huko, katika vitabu vya hesabu, aliona kwamba meli zilikuwa zikija kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zikirudi huko zilibeba askari, bunduki na risasi, bila bidhaa za kutosha za kuwalipa watu waliouleta mpira ule. Karani yule akajiuliza swali moja tu: ikiwa mali inatoka na malipo hayarudi, mali hiyo inapatikanaje? Jibu lilikuwa utumwa. Mwaka 1904 akaanzisha chama cha kutetea watu wa Kongo, na miaka minne baadaye Leopold akalazimika kuiachia nchi hiyo.

Nampenda sana karani huyu, ingawa hakuwa wa Kanisa letu. Hakuhitaji jeshi wala cheo. Alikuwa mahali mali inapopokelewa, akasoma karatasi zilizokuwa mbele yake, akakataa kutoelewa alichokisoma. Nasi, ndugu zangu, mabenchi yetu yanatuweka mahali hapo hapo.

Kanisa pia lina shahidi wake katika habari hii, naye ni kijana wa msituni. Isidori Bakanja, wa kabila la Waboangi, alitoka kijijini kwao kwenda Mbandaka kutafuta kazi, akawa msaidizi wa fundi mwashi, na huko akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye aliajiriwa kuwa mtumishi wa nyumbani kwa wakala wa kampuni ya Kibelgiji iliyokusanya mali za msitu. Aliwafundisha wenzake sala na kuvaa shingoni skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Msimamizi wa shamba la Ikili hakutaka sala hizo miongoni mwa wafanyakazi, akamwamuru aivue skapulari. Alipokataa, alichapwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, mpaka mgongo ukawa jeraha moja. Alikaa na jeraha hilo likioza kwa miezi kadhaa, akafariki tarehe 15 Agosti 1909, baada ya kumsamehe aliyemwua na kuahidi kumwombea mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri. Sisi humkumbuka Bakanja kwa sababu ya skapulari, na ni haki. Lakini tusisahau alipigiwa wapi: katika kituo cha biashara ya mali ya msitu, na watu walioona kwamba mtu mweusi anayesali ni hasara kwa kampuni.

Labda mtu atasema, "Baba, hayo ni ya kale." Ningefurahi kama yangekuwa ya kale. Hifadhi ya Okapi katika msitu wa Ituri ilianzishwa mwaka 1992 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwaka uliofuata iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita. Mwezi Juni 2012 waasi waliokasirishwa na walinzi waliowazuia kuwinda ndovu na kuchimba dhahabu walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu, na kuwaangamiza okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwa miaka mingi jinsi makundi yenye silaha ya mashariki ya Kongo yanavyojipatia fedha kwa dhahabu, kwa mbao na kwa ushuru wa vizuizi vya barabarani. Na usiku wa kuamkia Dominika tarehe 27 Julai 2025, waasi wa kundi la ADF waliingia katika parokia ya Komanda, ukingoni mwa msitu huo huo, wakawakuta waamini katika mkesha wa sala, wakaua watu zaidi ya 40, wakiwamo watoto. Parokia hiyo imepewa jina la Mwenyeheri Anuarite, ambaye nasi tunamwadhimisha kila tarehe 1 Desemba. Walikuwa wanasali kama sisi, tena wengi wao kwa Kiswahili kama sisi. Komanda ipo kwenye njia panda ambapo barabara ya Mambasa inaungana na ile ya Bunia. Sijui kama lori lililobeba ubao tulioletewa lilipita hapo. Wala muuzaji wetu hajui, na hilo ndilo linalonisumbua.

Sasa nijibu hoja za wanakamati, kwa maana si hoja za kijinga.

Kwanza, inasemwa kwamba sisi tukikataa mbao hizi, mwingine atazinunua, na mti uliokatwa hausimami tena. Ni kweli. Lakini hoja hiyo hiyo ingemruhusu mtu kununua ng'ombe aliyeibwa kwa jirani, kwa kuwa zizi limekwisha kuvunjwa. Dhamiri haipimwi kwa kuuliza kama dunia itabadilika leo. Hupimwa kwa kuuliza kama mkono wangu umo.

Pili, inasemwa kwamba wanaoumaliza msitu wa Kongo zaidi si wafanyabiashara wa mbao bali ni wakulima maskini wanaofyeka mashamba, pamoja na wakata kuni na wachoma makaa. Hili nalo ni kweli, na anayewatupia lawama zote wageni hasemi ukweli wote. Hata hivyo, barabara iliyofunguliwa na mkata mbao ndiyo apitayo mchoma makaa. Na mama anayelima kipande kipya cha msitu kwa sababu vita vimemfukuza katika shamba lake la zamani hawezi kuwekwa katika mizani moja na anayefaidika na vita hivyo.

Tatu, inasemwa kwamba kukataa mbao za Kongo ni kuwanyima Wakongo riziki. Hoja hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mkata miti wa Mambasa naye ana watoto. Kwa hiyo sisemi kwamba mti wa Kongo usiguswe kamwe. Nchi hiyo ina sheria. Tangu mwaka 2014 jamii ya wenyeji inaweza kupewa kisheria msitu wake, hadi hekta 50,000, iutunze na kuutumia bila kikomo cha muda. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kulinda haki za watu wa asili wa msituni. Na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba Wabatwa waliofukuzwa katika msitu wa Kahuzi-Biega, kusini ya Ituri, katika miaka ya 1970 kwa jina la kuhifadhi wanyama, walidhulumiwa. Jambo hilo latufundisha kwamba hata kuulinda msitu kunaweza kuwa wizi, ikiwa mwenye msitu hakuulizwa. Muuzaji akituletea mbao zilizokatwa na jamii yenye hati yake, zikalipiwa kwa haki, nitakuwa wa kwanza kuzinunua, hata kwa bei ya juu. Lakini mbao zisizo na kijiji wala karatasi, zenye bei isiyoeleweka kwa mti uliokomaa kwa vizazi kadhaa na kusafirishwa kupitia nchi mbili, zina mtu aliyepunjwa mahali fulani njiani.

Na Solomoni? Mzee wetu alikumbuka vema mierezi, ila alisahau malipo. Kitabu cha kwanza cha Wafalme chaeleza kwamba Hiramu, mfalme wa Tiro, alikuwa na jina, alitumiwa wajumbe, alikubali kwa hiari, na alilipwa ngano na mafuta mwaka baada ya mwaka. Meli za Solomoni, karani Morel asingezilalamikia kwa upande huo. Lakini kitabu hicho hicho kina kisa kingine, cha Nabothi na shamba lake la mizabibu. Nabothi alikataa kuliuza kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme Ahabu hakumpiga jiwe hata moja. Mipango ilifanywa na Yezebeli, mashahidi walikuwa wengine, waliorusha mawe walikuwa wengine tena. Ahabu alilala kitandani amenuna, akaambiwa kwamba shamba liko wazi, akainuka, akashuka kulichukua. Nabii Eliya hakuwafuata warusha mawe. Alimngojea Ahabu shambani.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wenzangu watalielewa upesi. Msitu wa Kongo hutengeneza mvua. Miti yake huupandisha angani unyevu unaorudi kunyesha tena, na wachunguzi wa hali ya hewa wameonyesha kwamba upepo ukivuma kutoka magharibi, upande wa Kongo, mvua huongezeka huku kwetu Afrika Mashariki. Tena katikati ya bonde hilo kuna ardhi ya mboji yenye majimaji, iliyopimwa na watafiti mwaka 2017, ambayo imehifadhi kaboni ipatayo tani bilioni 30. Ikikauka na kuungua, joto lake halitauliza pasipoti mpakani. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliutaja msitu wa Kongo pamoja na wa Amazonia kuwa mapafu ya dunia, na alipofika Kinshasa mwezi Januari 2023 aliwasihi wenye nguvu waache kuinyonya Afrika. Tulimpigia makofi tukiwa mbele ya televisheni. Huenda hatukudhani kwamba alikuwa akizungumza na kamati zetu za ujenzi pia.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, muuzaji aombwe kwa heshima atuletee hati zinazoonyesha mti ulikokatwa na aliyelipwa. Akizileta na zikathibitika, tuendelee. Pili, asipozileta, mabenchi yetu yatengenezwe kwa saiprasi na mgrevilea iliyopandwa katika mashamba ya hapa hapa, na itakayopakwa dawa ya mchwa kila baada ya miaka kadhaa. Najua yatachakaa mapema kuliko mahogani, na wajukuu wetu watalazimika kuyatengeneza upya. Sioni ubaya wajukuu wakiwa na kazi ya kulifanyia kanisa lao. Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ipande miche kuzunguka kiwanja cha kanisa na mashuleni msimu huu wa mvua, ili mabenchi hayo ya wajukuu yasimnyang'anye mtu mti wake. Nne, sadaka ya pili ya Dominika ijayo ipelekwe, kwa njia ya ofisi ya Caritas, kwa ndugu zetu waliokimbia mapigano ya Ituri. Uamuzi ni wa Baraza lenu. Mkiamua vinginevyo sitawafungia mlango, ila mtaniwia radhi kama nitasita kuyabariki mabenchi hayo.

Namalizia kwa Mfalme Daudi. Akiwa ngomeni, aliona kiu ya maji ya kisima cha Bethlehemu, mji wake, uliokuwa mikononi mwa Wafilisti. Mashujaa wake watatu wakapenya kambi ya adui, wakateka maji, wakamletea. Maji yalikuwa safi, kiu ilikuwa ya kweli, na kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Lakini Daudi alipoyatazama, aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao, akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana. Hakuna aliyemlazimisha. Alitazama tu kilichokuwa mkononi mwake, akaona kilikopita.

Kipande kile cha mahogani bado kiko mezani pangu ninapoandika. Nitakileta kwenye mkutano wa Baraza, kila mjumbe akishike. Kabla ya kupiga kura, nitaomba tusimame kimya kwa dakika moja kuwaombea marehemu wa Komanda.

Mwenyeheri Isidori Bakanja, utuombee. Mwenyeheri Anuarite, utuombee.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Paroko wenu